Je, Wajua? Kelele Zinazoidanganya Picha ya Tezi Dume

Kijana aliyekimbia Burundi mwaka 1972 akiwa na miaka 20, akapewa pori la kufyeka Katumba, Tanzania, na kuligeuza shamba, leo ni mzee aliyevuka miaka 70. Huo ndio umri ambao tezi dume huwasumbua wanaume wengi. Safu yetu ya leo inahusu kipimo kinachoweza kumsaidia mzee huyo, na kosa la kihesabu linalojificha ndani yake. Kosa hilo linajulikana, linapimika na linarekebishika. Kwa hiyo hakuna sababu ya kulinyamazia.

MZEE, TEZI NA SAFARI

Je, wajua kwamba Katumba, Mishamo na Ulyankulu ndiyo makazi makubwa matatu ya Warundi wa mwaka 1972 nchini Tanzania? Watu wapatao 162,000 wa makazi hayo walikubaliwa uraia, na vyeti vikaanza kukabidhiwa mwaka 2014. Katumba iko Halmashauri ya Nsimbo, mkoani Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012.

Je, wajua kwamba saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, Tanzania ikiwemo? Duniani kote, makadirio ya mwaka 2022 yalikuwa wagonjwa wapya wapatao milioni 1.47 na vifo karibu 397,000.

Je, wajua kwamba damu peke yake haitoi jibu? Kipimo cha PSA hupima protini inayotengenezwa na tezi dume. Protini hiyo hupanda kwa saratani, lakini hupanda pia kwa maambukizi na kwa tezi iliyokua tu kwa sababu ya uzee. PSA kubwa ni sababu ya kuendelea kuchunguza. Hukumu bado haijatoka.

Je, wajua kwamba picha ya MRI kabla ya kuchukua kinyama kwa sindano ilibadilisha uchunguzi huu? Utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017 na kuhusisha wanaume 576, ulionyesha kuwa kumpiga mgonjwa MRI kwanza kungeweza kumwepusha na sindano mwanamume mmoja kati ya wanne. Mwaka 2018 utafiti wa PRECISION, wenye wanaume 500, ulikuta saratani hatari kwa asilimia 38 ya waliotanguliziwa MRI, dhidi ya asilimia 26 ya waliochomwa sindano kwa njia ya zamani.

Je, wajua umbali uliopo? Kutoka Mpanda, mji ulio karibu na Katumba, treni hupita Kaliua na Tabora hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kufika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Nauli, malazi, ndugu wa kumsindikiza na siku za shamba zilizopotea, vyote vinalipwa na familia. Mgonjwa wa namna hiyo hawezi kuambiwa kirahisi, “Rudi wiki ijayo turudie picha.” Namba anayorudi nayo nyumbani lazima iwe ya kweli.

MAJI YANAYOTEMBEA

Je, wajua kwamba MRI haitumii mionzi ya eksirei? Hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Sumaku ya tesla 1.5 ina nguvu zaidi ya mara 30,000 kuliko uga wa sumaku wa dunia. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2003 kwa kazi yao ya kuzigeuza ishara za mawimbi hayo kuwa picha.

Je, wajua kwamba molekuli za maji mwilini hazitulii hata nukta moja? Mwaka 1827 Robert Brown aliona kupitia hadubini chembe zilizotoka kwenye chavua zikitetemeka majini. Mwaka 1905 Albert Einstein akaeleza kihesabu kwamba zinasukumwa na molekuli zisizoonekana. Katika maji huru yenye joto la mwili, molekuli husogea kiasi cha sehemu 17 za elfu moja za milimita upande mmoja ndani ya milisekunde 50.

Je, wajua kwamba mwendo huo mdogo unapimika kutoka nje ya mwili? Mwaka 1965 Stejskal na Tanner walionyesha namna ya kuupima kwa kuuwasha na kuuzima haraka uga wa sumaku unaobadilika kutoka sehemu hadi sehemu. Mwaka 1986 Mfaransa Denis Le Bihan na wenzake wakautumia kupiga picha za binadamu. Penye maji yanayosambaa kwa uhuru, ishara hufifia haraka. Penye maji yaliyobanwa, ishara hubaki.

Je, wajua kwa nini saratani hung’aa? Tezi dume yenye afya ina vijifereji na nafasi zilizojaa majimaji. Saratani inapojaa, seli husongamana, nafasi huzibwa na maji hukosa pa kupita. Kwenye picha za usambaaji wa maji sehemu hiyo hubaki nyeupe wakati jirani zake zimefifia.

Je, wajua kwamba weupe huo hugeuzwa kuwa namba? Namba hiyo, kipimo cha jinsi maji yanavyosambaa, huandikwa ADC. Kizio chake kwenye mashine nyingi ni sehemu moja ya milioni ya milimita ya mraba kwa sekunde. Maji huru yenye joto la mwili hupata kama 3,000. Ukanda wa nje wa tezi dume yenye afya huweza kupata 1,600, na saratani mara nyingi hushuka hadi 800 au chini yake. Mwongozo wa kimataifa wa kusoma MRI ya tezi dume, uitwao PI-RADS, hutaja eneo la 750 hadi 900 kuwa mpaka unaoweza kumsaidia daktari kutofautisha.

Je, wajua kwamba ukanda huo wa nje una umuhimu wa pekee? Hapo ndipo saratani nyingi za tezi dume huanzia, takriban asilimia 70. Katika ukanda huo PI-RADS huitanguliza picha ya usambaaji kuliko nyingine zote. Picha hiyo ikidanganya, uamuzi mzima unayumba.

KELELE ZINAZOPENDELEA UPANDE MMOJA

Je, wajua kwamba mgongano mkubwa anaousikia mgonjwa ndani ya MRI hauharibu namba? Huo hutoka kwenye koili zinazotikiswa na umeme. Kelele tunazozisema hapa ni za umeme, hazisikiki, na huonekana kwenye picha kama chengachenga. Mwaka 1928 John Johnson na Harry Nyquist wa maabara za Bell, Marekani, walieleza chanzo chake: joto huzifanya chaji za umeme zichezecheze ndani ya kila kipitishi. Mwili wa mgonjwa nao ni kipitishi. Hakuna mashine itakayonunuliwa ikamaliza kelele hizo.

Je, wajua kwamba chumba cha MRI hufunikwa kwa shaba au metali nyingine? Mashine ya tesla 1.5 husikiliza kwenye megahazi kama 64, na ya tesla 3 kwenye megahazi kama 128, juu kidogo ya stesheni za FM. Metali huzuia mawimbi ya nje yasiingie. Kelele za joto la mwili wenyewe, hata hivyo, ziko ndani pamoja na mgonjwa.

Je, wajua kwamba mashine hupokea ishara yenye sehemu mbili, na kila sehemu inaweza kuwa chanya au hasi? Kabla ya kumwonyesha daktari picha, kompyuta huchukua ukubwa tu na kuitupa alama. Hapo ndipo kosa linapozaliwa. Fikiria mizani ya kununulia mahindi ambayo sindano yake hutetemeka lakini haiwezi kushuka chini ya sifuri. Gunia zito likiwekwa, mitetemo ya juu na ya chini hufutana. Mizani ikiwa tupu, kila mtetemo huandika uzito ambao haupo.

Je, wajua kwamba uzito huo wa uongo una kipimo chake kamili? Pasipo na ishara yoyote, picha haitaonyesha sifuri. Itaonyesha wastani wa mara 1.25 ya kelele zenyewe. Ishara ya kweli ikiwa sawa na kelele, itasomeka kama 1.55. Ikiwa mara mbili ya kelele, itasomeka 2.27. Ikifika mara tatu itasomeka kama 3.17, na kuanzia hapo kosa linazidi kuwa dogo. Kelele humwongezea mnyonge na kumwacha mwenye nguvu alivyo.

Je, wajua kwamba mtawanyiko huu wa namba ulichambuliwa na mhandisi wa mawasiliano? Stephen Rice wa maabara za Bell alichapisha hesabu zake mwaka 1944 na 1945, na ndiyo maana wataalamu huzungumzia kelele za Rice. Mwaka 1985 Henkelman akalieleza tatizo hilo kwenye picha za MRI, na mwaka 1995 Gudbjartsson na Patz wakaandika makala ambayo wanafizikia tiba huirejea hadi leo.

Je, wajua kwamba kelele huifanya nyama yenye afya ifanane na yenye saratani? Hapa ndipo penye uzito wote wa jambo hili. Nyama yenye afya ndiyo inayopoteza ishara haraka, kwa hiyo ndiyo inayofika sakafuni kwenye kelele. Kelele zikiiinua, kompyuta hudhani maji hayasambai sana, na ADC hushuka. Saratani ishara yake bado ina nguvu, basi haiguswi sana.

Je, wajua hesabu yake ikoje? Chukua nyama yenye afya ya 1,600 na saratani ya 800. Anza na ishara iliyo mara 20 ya kelele, kisha piga picha kwa thamani ya b ya 2,000, yaani nguvu kubwa ya kupima usambaaji. Bila marekebisho, nyama yenye afya itasomeka kama 1,310 na saratani kama 785. Sasa punguza ishara ya mwanzo iwe mara 10 tu ya kelele. Nyama yenye afya itaporomoka hadi kama 1,020, na saratani itasomeka kama 740. Tofauti iliyokuwa 800 imebaki 280, na mgonjwa ni yuleyule.

Je, wajua kwamba kurudia picha mara nyingi hakuondoi kosa hili? Ukipiga mara 100 na kutafuta wastani wa picha zilizokwisha kutupwa alama, chengachenga zitapungua na picha itapendeza, lakini pasipo na ishara bado patasomeka 1.25. Wastani wa vitu vilivyopindishwa upande mmoja hubaki umepinda. Picha laini inaweza kubeba namba isiyo sahihi, na ulaini huo ukamfanya daktari aiamini zaidi.

Je, wajua kwamba tezi dume imekaa mahali pabaya kwa jambo hili? Iko katikati ya nyonga, mbali na koili za kupokelea zinazolazwa juu ya mwili. Njia za kuharakisha picha kwa koili nyingi, kama SENSE ya mwaka 1999 na GRAPPA ya mwaka 2002, huongeza kelele hasa katikati. Anayepima kelele pembezoni mwa picha, nje ya mwili, hupata namba isiyohusu mahali tezi ilipo.

Je, wajua kwamba koili nyingi zaidi zinaweza kuinua sakafu ya kelele? Ishara za koili nne zikiunganishwa kwa kujumlisha miraba yake na kutafuta kipeuo cha pili, sakafu hupanda kutoka 1.25 hadi kama 2.74. Kwa hiyo kanuni iliyotungwa kwa koili moja haifai kunakiliwa tu kwenye mashine ya kisasa. Lazima ijulikane mashine inaunganisha vipi ishara zake.

TIBA YA NAMBA

Je, wajua kwamba marekebisho ya kwanza ni hesabu ya sekondari? Wastani wa mraba wa ishara inayosomeka ni mraba wa ishara ya kweli ukiongezwa mara mbili ya mraba wa kelele. Basi toa kiasi hicho, kisha tafuta kipeuo cha pili. McGibney na Smith walieleza njia hiyo mwaka 1993. Sharti ni moja: utoe kabla ya kukokotoa ADC. Ukishaikokotoa, umechelewa.

Je, wajua kwamba kelele zikipimwa vibaya, marekebisho nayo huharibika? Sehemu tupu ya picha ya koili moja huonyesha mtawanyiko ulio asilimia 65.5 tu ya kelele halisi. Ni lazima namba hiyo izidishwe kwa 1.53. Anayesahau kuzidisha hurekebisha nusunusu, huku akidhani kazi imekwisha.

Je, wajua kwamba wanasayansi hawakuishia hapo? Mwaka 2001 Dietrich na wenzake walichapisha njia ya kurekebisha kelele mahsusi kwa ajili ya ADC kwenye ishara dhaifu. Mwaka 2006 Koay na Basser wakatoa kanuni inayoitafuta ishara ya kweli na kelele halisi kwa pamoja. Mwaka 2016 Veraart na wenzake wakaonyesha namna ya kutenganisha kelele na ishara kwa kulinganisha picha nyingi za usambaaji zilizopigwa mahali pamoja. Programu ya njia hiyo imo ndani ya MRtrix3, ambayo hupakuliwa bure.

Je, wajua kwamba dawa bora ni kutoitupa alama mapema? Picha zikijumlishwa zikiwa bado na sehemu zake mbili, chanya hufutana na hasi, na sakafu hushuka kila unapoongeza picha. Kazi ngumu ni kunyoosha kwanza mabadiliko yanayoletwa na pumzi na misukosuko ya mwili. Kituo kinachonunua mashine mpya kina haki ya kumuuliza muuzaji kama mashine yake hujumlisha hivyo.

Je, wajua kwa nini PI-RADS toleo la 2.1, la mwaka 2019, linashauri ADC ikokotolewe kwa b isiyozidi 1,000? Sababu inayotajwa ni kwamba juu ya hapo ishara haifuati tena kanuni rahisi ya kufifia. Kinga dhidi ya kelele inakuja pamoja nayo. Katika mfano wetu wa ishara mara 20, kwa b ya 1,000 nyama ya 1,600 husomeka 1,570, kosa dogo kabisa. Picha ya b ya 1,400 au zaidi bado inahitajika kwa macho ya daktari, lakini si lazima iingie kwenye hesabu ya ADC.

Je, wajua kwamba kuongeza ishara dhidi ya kelele kuna bei yake? Kuipata mara mbili kwa kurudia tu, muda wa kupiga picha lazima uwe mara nne. Ukipunguza kila upande wa kichembe cha picha kwa nusu, unabaki na sehemu moja ya nane ya ishara. Mtaalamu anayekataa kuchora picha nyembamba kupita kiasi anamtendea mgonjwa wema.

BARAFU, SUMAKU NDOGO NA MBARARA

Je, wajua kwamba mashine ya mabilioni inaweza kukaguliwa kwa maji na barafu? Maji safi yaliyozungukwa na barafu inayoyeyuka hukaa kwenye nyuzi 0 za Selsiasi yenyewe, na ADC yake ni kama 1,100. Namba hiyo iko katikati ya nyama yenye afya na saratani. Hospitali ikiupiga mtungi huo picha mara kwa mara, itajua mapema mashine inapopotoka.

Je, wajua kwamba sakafu ya kelele inaonekana kwa macho? Ongeza b hatua kwa hatua kwenye mtungi uleule, kisha chora logi ya ishara kwenye grafu. Mwanzoni utapata mstari ulionyooka unaoshuka. Mahali mstari unapolala ndipo kelele zimeshika usukani. Picha za mgonjwa zisikokotolewe kwa ishara dhaifu kama hiyo.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki ina mashine ya MRI iliyounganishwa na wataalamu wake hapahapa? Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, Johnes Obungoloch na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa Uholanzi na Marekani, waliunganisha mashine ya sumaku za kudumu yenye uga wa kama tesla 0.05. Haihitaji heliamu. Iliundwa kwa kuwafikiria watoto wenye vichwa maji, na tezi dume haimo katika kazi yake. Lakini uga mdogo huleta ishara ndogo, kwa hiyo ujuzi wa kupambana na kelele ndio uti wa mgongo wa mashine kama hiyo. Ujuzi huo sasa uko mlangoni petu.

KABLA HUJAONDOKA

Je, wajua kwamba hata mashine nzuri ikimpima mtu yuleyule mara mbili haitoi ADC ileile ya tezi dume? Kundi la wataalamu la QIBA lilikadiria kwamba badiliko lisilofika asilimia 47 linaweza kuwa kuyumba kwa kipimo tu. Kwenye ubongo kiasi hicho ni asilimia 11. Mzee anayefuatiliwa mwaka hadi mwaka apimwe, inapowezekana, kwenye mashine ileile na kwa thamani zilezile za b.

Je, wajua kwamba gesi au kinyesi kwenye njia ya haja kubwa hupindisha picha ya usambaaji? Tezi dume imepakana nayo. Mgonjwa aulize mapema kuhusu chakula na maandalizi, na aseme kama ana chuma kwenye nyonga au kifaa chochote mwilini.

Je, wajua kwamba mgonjwa ana haki ya kuuliza? Aombe nakala ya picha zake, si ripoti peke yake. Aulize ni thamani gani za b zilizotumika kukokotoa ADC. Akirudi Mpanda na picha hizo mkononi, daktari mwingine anaweza kuzisoma upya bila kumrudisha Dar es Salaam.

Je, wajua kwamba kukojoa mara kwa mara usiku, mkojo kutoka kwa shida, au damu kwenye mkojo ni sababu za kwenda kituo cha afya bila kungoja? Saratani ya tezi dume inaweza kukua kimyakimya, kwa hiyo mwanamume aliyefikisha miaka 50 azungumze na daktari hata kama hana dalili. Mwenye baba au kaka aliyeugua aanze mapema zaidi.

Je, wajua kwamba marekebisho ya kelele hayahitaji sumaku mpya wala jengo jipya? Yanahitaji mtu aliyefundishwa, kompyuta ya kawaida na mistari michache ya programu. Kila hospitali ya Afrika Mashariki inayopima tezi dume kwa MRI iandike kiwango cha kelele kando ya kila ADC inayotoa, na kila chuo kinachofundisha radiolojia kiingize hesabu hii kwenye mitihani yake. Mkulima wa Katumba aliyeuza mahindi yake kulipia safari atakuwa amepata alichokilipia: namba inayousema mwili wake.